Georges Lemaître: padre aliyetafuta mwanzo wa ulimwengu kwa hesabu

Nadharia inayojulikana duniani kote kwa jina la Mlipuko Mkuu inaeleza kwamba ulimwengu haukuwa siku zote kama unavyoonekana leo. Hapo mwanzo ulikuwa mdogo mno na wenye msongamano usio kifani, kisha ukaendelea kutanuka kwa takriban miaka bilioni 13.8 hadi kufikia hali yake ya sasa.

Wapo wanaoitazama nadharia hiyo kama silaha dhidi ya dini, na wapo wanaoishangilia kama ushahidi wa kisayansi wa Kitabu cha Mwanzo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mtu wa kwanza kuipendekeza alikuwa padre wa Kanisa Katoliki, Mbelgiji Georges Lemaître, na kwamba padre huyo hakukubaliana na kundi lolote kati ya hayo mawili.

Maisha yake, yaliyoanza mwaka 1894 na kumalizika mwaka 1966, ni habari ya mtu aliyeishika elimu na imani pamoja, akakataa kuifanya moja kuwa mtumishi wa nyingine. Msimamo huo ulimgharimu mbele ya wanasayansi wenzake, na kuna wakati ulimlazimu kuutetea mbele ya Baba Mtakatifu mwenyewe.

Mtoto wa Charleroi

Georges Lemaître alizaliwa tarehe 17 Julai mwaka 1894 katika mji wa Charleroi, kusini mwa Ubelgiji, eneo lililosifika kwa migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma na vioo. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa Joseph Lemaître na mkewe Marguerite Lannoy. Baba yake alimiliki kiwanda cha vioo.

Kijana huyo alisomeshwa na mapadre wa shirika la Wajesuiti. Kwa simulizi yake ya baadaye, alikuwa na umri wa miaka tisa tu alipoamua mambo mawili kwa wakati mmoja: kuwa padre, na kuwa mwanasayansi. Hakuona kwamba njia moja ingemzuia kufuata ya pili.

Kiwanda cha familia kiliteketea kwa moto na mzee Joseph akalazimika kuanza maisha upya. Familia ilihamia Brussels mwaka 1910, ambako baba alipata kazi katika benki. Mwaka uliofuata Georges alijiunga na Chuo Kikuu Katoliki cha Louvain, katika mji wa Leuven, kusomea uhandisi.

Miaka minne ya vita

Mwezi Agosti mwaka 1914 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Ubelgiji. Kabla ya mwezi huo kwisha, maktaba ya chuo kikuu cha Leuven ilikuwa imechomwa moto na wavamizi. Lemaître, wakati huo akiwa na umri wa miaka 20, aliacha masomo na kujitolea jeshini pamoja na mdogo wake.

Alipigana kwanza akiwa askari wa miguu, katika mapambano ya mto Yser, ambako Wabelgiji walifungulia maji ya bahari yafurike katika nchi tambarare ili kumzuia adui. Baadaye alihamishiwa kikosi cha mizinga. Alishuhudia mashambulizi ya gesi ya sumu ya mwaka 1915, na vita vilipokwisha alitunukiwa nishani ya Msalaba wa Vita.

Hata katika mahandaki hakuacha kusoma. Miongoni mwa vitabu alivyokuwa navyo ni vya mwanahisabati wa Ufaransa, Henri Poincaré.

Aliporudi Leuven hakuendelea tena na uhandisi. Aligeukia hisabati na fizikia, akapata shahada ya udaktari mwaka 1920 chini ya usimamizi wa Charles de la Vallée Poussin, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ubelgiji wa zama hizo. Mwezi Oktoba mwaka huohuo aliingia seminari katika mji wa Mechelen.

Jaribio la seminarini

Mwaka 1921, akiwa bado mseminari, Lemaître aliandika makala fupi kuhusu maneno ya kwanza ya Mungu katika Kitabu cha Mwanzo. Alijaribu kuonesha kwamba habari ya kuumbwa kwa nuru inaweza kusomwa sambamba na elimu ya fizikia kuhusu mwanga. Makala hiyo hakuichapisha.

Jaribio hilo lina uzito katika kumfahamu. Linaonesha kwamba tamaa ya kuifanya Biblia na fizikia ziseme lugha moja haikuwa jambo aliloliona kwa wengine tu. Aliwahi kuwa nayo yeye mwenyewe, na aliiacha baada ya kuitafakari.

Falsafa aliyofunzwa ilimsaidia. Leuven palikuwa kitovu cha mafundisho ya Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwanafalsafa wa karne ya 13, aliyeshikilia kwamba akili ya binadamu peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulikuwa na siku ya kwanza. Kwa Thomas, kuumbwa maana yake ni ulimwengu kumtegemea Mungu kwa kuwepo kwake, kila saa na kila dakika, uwe una mwanzo katika wakati au usiwe nao. Mafundisho hayo yalihuishwa na Kardinali Désiré-Joseph Mercier, na ndiye aliyempa Lemaître upadre tarehe 22 Septemba mwaka 1923.

Seminarini humohumo, kwa ridhaa ya wakubwa wake, padre mtarajiwa huyo alijifunza nadharia ya uhusianifu ya Albert Einstein. Tasnifu aliyoiandika juu ya fizikia ya Einstein ilimpatia ufadhili wa serikali ya Ubelgiji wa kusoma ng'ambo.

Cambridge na Marekani

Mwaka wa masomo wa 1923 hadi 1924 aliutumia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akiwa mwanafunzi wa Arthur Eddington. Eddington ndiye aliyeongoza mojawapo ya misafara miwili ya mwaka 1919 iliyopima jinsi mwanga wa nyota unavyopindishwa na jua, na hivyo kumpatia Einstein umaarufu wa dunia nzima.

Kutoka hapo alivuka bahari hadi Marekani, kwenye kituo cha kuangalia nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard, chini ya Harlow Shapley, na kujiandikisha katika taasisi ya MIT kwa ajili ya udaktari wa pili.

Alifika Marekani wakati mwafaka. Mwanzoni mwa mwaka 1925, katika mkutano wa wanafalaki mjini Washington, yalitangazwa matokeo ya Edwin Hubble yaliyothibitisha kwamba baadhi ya mawingu yaliyoonekana kwa darubini si sehemu ya kundi la nyota la Njia Nyeupe. Ni galaksi nyingine kamili, zilizo mbali mno.

Kulikuwa na fumbo jingine. Tangu mwaka 1912 Vesto Slipher, mwanafalaki wa Arizona, alikuwa akipima mwanga wa galaksi hizo na kuona kwamba sehemu kubwa yake umesogea kuelekea rangi nyekundu. Jambo hilo linafanana na sauti ya honi ya gari, ambayo huwa nzito gari linapokwenda mbali na msikilizaji. Mwanga ulionekana kusema kwamba galaksi nyingi zinakimbia, na hakuna aliyejua kwa nini. Lemaître aliwatembelea Slipher na Hubble na kujionea takwimu zao.

Hesabu za mwaka 1927

Einstein alikuwa amekamilisha milinganyo yake ya nguvu ya uvutano mwaka 1915. Alipoitumia kwa ulimwengu mzima mwaka 1917, aliona kwamba ulimwengu huo ungejiporomokea wenyewe. Ili kuuzuia, aliongeza katika milinganyo tarakimu maalumu, inayojulikana kama kigezo kisichobadilika cha ulimwengu, nayo ikaufanya ulimwengu wake utulie daima. Wakati huo karibu kila mtaalamu aliamini kwamba ulimwengu umetulia.

Lemaître, aliyerejea Leuven kufundisha mwaka 1925, aliiacha milinganyo iseme yenyewe. Mwaka 1927 alichapisha kwa Kifaransa, katika jarida la chama cha kisayansi cha Brussels, makala iliyoonesha kwamba ulimwengu unatanuka. Kwa maelezo yake, galaksi hazikimbii ndani ya nafasi kama risasi ziendavyo hewani. Ni nafasi yenyewe inayovutika, na kuzitenganisha galaksi kama zabibu katika mkate unaoumuka.

Kutokana na hilo kanuni moja hufuata: kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo inavyoonekana kwenda kwa kasi zaidi. Akitumia takwimu za galaksi 42, Lemaître alikadiria kwamba kasi hiyo huongezeka kwa takriban kilomita 625 kwa sekunde katika kila umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26. Makadirio ya leo ni karibu kilomita 70, kwa kuwa wataalamu wa wakati huo walidhani galaksi ziko karibu kuliko zilivyo. Kanuni yenyewe, hata hivyo, ilikuwa sahihi.

Mwanahisabati wa Urusi, Alexander Friedmann, alikuwa amepata majawabu ya namna hiyo mwaka 1922, lakini hakuyahusisha na mwanga wa galaksi, na alifariki dunia mwaka 1925. Lemaître hakuzifahamu kazi zake.

Mwezi Oktoba mwaka 1927 padre huyo alikutana na Einstein mjini Brussels, wakati wa mkutano wa Solvay. Einstein alizikubali hesabu zake na kumweleza juu ya Friedmann, lakini alisema wazi kwamba kwa upande wa fizikia hakuweza kuvumilia wazo la ulimwengu unaotanuka. Kwa muda wa miaka miwili na ushei makala ya Lemaître ilibaki bila wasomaji.

Mwaka 1929 Hubble alichapisha vipimo vyake vilivyoonesha uhusiano uleule wa kasi na umbali. Mwanzoni mwa mwaka 1930 Eddington na wenzake mjini London walipoanza kutafuta maelezo, Lemaître alimwandikia mwalimu wake wa zamani kumkumbusha kwamba maelezo hayo yalikwisha chapishwa. Eddington aliona haya, akaitangaza kazi hiyo kwa bidii, na mwaka 1931 tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka katika jarida la Jumuiya ya Kifalme ya Wanafalaki.

Tafsiri hiyo haikuwa na aya zenye makadirio ya kasi, na kwa miaka mingi walikuwepo waliohisi kwamba kuna mtu aliyezifuta ili kumlinda Hubble. Mwaka 2011 ilibainika kutokana na barua za wakati huo kwamba mfasiri alikuwa Lemaître mwenyewe. Aliziacha aya hizo kwa kuwa aliona hazina tena umuhimu, kwani takwimu bora zaidi zilikuwa zimekwisha patikana. Hakujali nani angehesabiwa kuwa wa kwanza.

Barua iliyofutwa mistari

Makala ya mwaka 1927 haikuzungumzia mwanzo. Ilieleza ulimwengu uliokuwa umetulia kwa muda usio na kikomo kabla ya kuanza kutanuka taratibu. Hatua ya pili ndiyo iliyozusha mtafaruku.

Mapema mwaka 1931 Eddington alitamka hadharani kwamba wazo la maumbile kuwa na mwanzo wa ghafla linamchukiza. Mwanafunzi wake alimjibu kwa barua fupi, isiyofika ukurasa mmoja, iliyochapishwa katika jarida la Nature tarehe 9 Mei mwaka huo.

Hoja ya Lemaître ilikuwa ya kifizikia. Kila kitu duniani huelekea kugawanyika na kutawanyika, na nishati husambaa katika chembe nyingi zaidi kadiri wakati unavyopita. Kwa hiyo ukirudi nyuma, chembe hupungua, hadi kufikia moja tu, iliyobeba maada yote ya ulimwengu. Aliifananisha na kiini cha atomu kubwa kupita kiasi kilichopasuka vipande vipande, kama atomu za mnururisho zinavyopasuka. Baadaye wazo hilo lilijulikana kama nadharia ya atomu ya asili.

Ndani ya chembe hiyo moja, alieleza, maneno kama hapa na pale, au kabla na baada, yangekosa maana. Nafasi na wakati vingeanza kuwa na maana baada ya mgawanyiko wa kwanza. Hivyo mwanzo wa ulimwengu ungetangulia kidogo mwanzo wa nafasi na wakati.

Katika rasimu ya barua hiyo, iliyopigwa kwa mashine ya taipu, kulikuwa na aya moja zaidi mwishoni. Ilimtaja Mungu, ikieleza kwamba kwa anayeamini, Mungu ni wa siri kwa asili yake, na kwamba mwamini aweza kufurahi kuona fizikia ikiweka pazia mbele ya uumbaji. Kabla ya kuituma barua, Lemaître aliikata aya hiyo kwa kalamu. Wasomaji wa jarida hawakuiona.

Shaka za wanasayansi

Kuifuta aya hakukutosha kuondoa shaka. Mwandishi wa nadharia alivaa kola ya upadre, na wengi waliona hilo linatosha kueleza nadharia yake. Einstein mwenyewe alimwambia kwamba wazo la atomu ya asili linamkumbusha mno mafundisho ya Kikristo juu ya uumbaji.

Hata hivyo uhusiano wao ulikuwa mwema. Mwezi Januari mwaka 1933 walikuwa pamoja katika Taasisi ya Teknolojia ya California, mjini Pasadena, na magazeti ya Marekani yaliwapiga picha wakiwa bega kwa bega. Kufikia wakati huo Einstein alikuwa amekwisha kubali kwamba ulimwengu unatanuka. Aidha alikitupilia mbali kile kigezo chake cha mwaka 1917, ilhali Lemaître alisisitiza kwamba kibaki.

Alikuwa na sababu. Kwa vipimo vya Hubble, umri wa ulimwengu ulitokea kuwa chini ya miaka bilioni 2, ilhali wataalamu wa miamba walikuwa wakiukadiria umri wa dunia kuwa mkubwa zaidi ya huo. Mtoto hawezi kumzidi mama yake umri. Kigezo kile kiliruhusu ulimwengu uliotanuka, ukasitasita kwa muda mrefu, kisha ukaongeza kasi tena.

Upinzani mkali ulitoka Uingereza. Mwaka 1948 Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold walipendekeza ulimwengu usio na mwanzo, ambamo maada mpya hujitokeza polepole kujaza nafasi inayotanuka. Mwezi Machi mwaka 1949, katika kipindi cha redio ya BBC, Hoyle aliliita wazo la wapinzani wake mlipuko mkubwa. Jina hilo lilishika na kuenea kote, ingawa Lemaître hakulibuni.

Hotuba ya Papa

Tarehe 22 Novemba mwaka 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili aliihutubia Akademia ya Kipapa ya Sayansi, ambayo Lemaître alikuwa mwanachama wake tangu mwaka 1936. Papa alisema kuwa sayansi ya kisasa, kwa kurudi nyuma katika historia ya ulimwengu, imekuwa shahidi wa ile nuru ya kwanza ya uumbaji, na akaona humo ushahidi unaoelekeza kwa Muumba.

Mwamini mwingine angefurahi. Kazi ya maisha yake ilikuwa imeheshimiwa na kiongozi mkuu wa Kanisa lake. Lemaître alihuzunika.

Sababu zake zilikuwa za kisayansi na za kidini pia. Kwanza, nadharia ya atomu ya asili ilikuwa bado ni pendekezo lenye wapinzani wenye hoja, na huenda kesho vipimo vingeikataa. Imani ikitundikwa juu yake, itaanguka pamoja nayo. Pili, maneno ya Papa yaliwapa wapinzani haki ya kusema kwamba nadharia hiyo ni mahubiri yaliyovikwa hesabu. Tatu, na kwake hili lilikuwa kubwa kuliko yote, Mungu anayegunduliwa mwishoni mwa mlinganyo angekuwa chanzo kimojawapo miongoni mwa vyanzo vingine, kitu cha kupimwa na kusahihishwa. Huyo hakuwa Mungu aliyemwabudu.

Kwa Lemaître kulikuwa na tofauti kati ya mwanzo na uumbaji. Mwanzo ni hatua ya kwanza ambayo fizikia inaweza kuifikia kwa kurudi nyuma. Uumbaji ni jibu la swali jingine, la kwa nini kuna kitu chochote badala ya kutokuwepo kitu kabisa, na swali hilo lingebaki palepale hata kama ulimwengu haukuwa na siku ya kwanza.

Padre huyo hakwenda kulalamika magazetini. Alizungumza na Daniel O'Connell, Mjesuiti aliyekuwa mkurugenzi wa kituo cha Vatican cha kuangalia nyota na mshauri wa Papa katika mambo ya sayansi, na suala hilo likafikishwa ngazi za juu. Tarehe 7 Septemba mwaka 1952 Papa aliwahutubia wanafalaki wa mataifa mbalimbali waliokuwa wamekutana Roma. Aliisifu elimu yao kwa marefu na mapana. Safari hii hakuufungamanisha uumbaji na nadharia yoyote.

Ukweli wa mwisho

Lemaître hakuwa sahihi katika kila jambo. Kwa miaka mingi aliamini kwamba miale inayoipiga dunia kutoka anga za juu ndiyo mabaki ya mpasuko wa atomu ya asili, na pamoja na mwanafizikia wa Mexico, Manuel Sandoval Vallarta, alifanya hesabu ndefu za njia zake. Leo inajulikana kwamba sehemu kubwa ya miale hiyo hutokana na matukio ya baadaye, kama vile milipuko ya nyota. Atomu yake ya asili ilikuwa baridi, ilhali watafiti waliofuata, akiwemo George Gamow, walionesha kwamba ulimwengu mchanga ulikuwa wa moto mkali.

Lakini wazo kuu, kwamba mwanzo huo uliacha mabaki yanayoweza kupimwa, lilikuwa la kweli. Mwaka 1965 Wamarekani Arno Penzias na Robert Wilson, wakitumia antena ya kampuni ya simu katika jimbo la New Jersey, walinasa mvumo hafifu uliotoka pande zote za anga, usiku na mchana. Walifikia hata kuondoa kinyesi cha njiwa ndani ya antena wakidhani ndicho chanzo. Mvumo haukukoma. Ulikuwa mwanga wa kale wa ulimwengu mchanga, uliopoa hadi takriban nyuzi 270 chini ya sifuri.

Lemaître, aliyekuwa rais wa Akademia ya Kipapa tangu mwaka 1960, alikuwa amedhoofika kwa maradhi ya moyo na saratani ya damu. Habari za ugunduzi huo aliletewa na msaidizi wake wa miaka mingi, Odon Godart. Alifariki dunia Leuven tarehe 20 Juni mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 71.

Heshima nyingi zilimfikia baada ya kifo. Mwaka 1998 vikundi viwili vya wanafalaki viligundua kwamba kutanuka kwa ulimwengu kunaongeza kasi, na kigezo ambacho Lemaître alikataa kukitupa kikarudi katika milinganyo. Mwaka 2018 wanachama wa Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki walipiga kura, na asilimia 78 wakaunga mkono kanuni ya Hubble iitwe kanuni ya Hubble na Lemaître. Mwishoni mwa mwaka 2022 shirika la utangazaji la Ubelgiji, VRT, lilitangaza kupatikana kwa filamu ya mahojiano aliyofanyiwa mwaka 1964, iliyodhaniwa kuwa imepotea.

Wanafizikia wa leo wanaweza kuueleza ulimwengu hadi sehemu ndogo sana ya sekunde yake ya kwanza. Nyuma ya hapo milinganyo yao hushindwa, na wapo wanaodhani kwamba huenda mlipuko huo ulitanguliwa na hali nyingine. Ikiwa watathibitisha hivyo, nadharia ya Lemaître italazimika kurekebishwa. Imani yake haitaguswa, kwa kuwa hakuiweka hapo.

Rasimu ya barua ya mwaka 1931 imehifadhiwa pamoja na karatasi zake katika nyaraka za chuo kikuu alichokitumikia, sasa katika mji wa Louvain-la-Neuve. Mistari aliyoikata bado inasomeka.